Utani Usiojibiwa

Ashatu binti Pazi alikuwa na macho ya mlinda mpunga. Awe amekaa au amesimama, anakula au ametoka kusali, macho yake hayakutulia: nani amenuna leo, nani ameitwa ofisini, mtoto gani ana kikohozi kisichokwisha. Wengine walimwona mbea. Lakini mwanamke aliyeishia darasa la saba, akaachiwa watoto na mume aliyekwenda Lindi akasahau njia ya kurudi, asipojitazamia mwenyewe atatazamiwa na nani?

Kazi yake ilikuwa kumenya mananasi katika kiwanda cha kukausha matunda, nje kidogo ya Makurunge alikozaliwa. Nanasi ni tamu mdomoni, mikononi ni moto. Glavu hutoboka, maji yake huingia, na jioni vidole huwaka kama vimechovywa kwenye pilipili. Mkataba ulikuwa wa msimu. Ukiisha, unakaa nyumbani unasubiri kuitwa, na kila anayesubiri huogopa kwamba safari hii hataitwa.

Mezani alisimama bega kwa bega na Evarista. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki asiyekosa kanisani Jumapili, mjane aliyeletwa mwambao na marehemu mumewe. Alikaa kwenye kota za kiwanda, chumba kimoja, yeye na binti yake Teddy aliyekuwa akisoma sekondari Bagamoyo mjini. Kazi ndiyo iliyomweka katika chumba kile, na chumba kile ndicho kilichomweka Teddy shuleni.

Siku ya kwanza walipokutana, wakati wa chai, Ashatu alimuuliza kabila lake.

"Mnyamwezi," akasema Evarista, huku ameshika ndizi.

Ashatu akampokonya ile ndizi, akaimenya, akaila mbele ya macho yake.

"Huo ni ushuru wa kufika pwani," akamwambia. "Babu zako walitoa pembe za ndovu, wewe nimekuonea huruma nimechukua ndizi."

Wasichana wengine wakashika vinywa. Evarista akamwangalia kutoka kofia ya nywele mpaka buti, halafu akaangua kicheko.

"Kumbe hapa kuna Mkwere! Ndiyo maana tangu asubuhi naona kazi haiendi."

Toka siku hiyo walikuwa watani. Ajuaye utani wa makabila hahitaji kuelezwa, na asiyejua atosheke na haya: Mkwere na Mnyamwezi hutukanana bila kugombana, hunyang'anyana bila kuibiana, na anapofiwa mmoja, mwenzake huja kufanya kazi ambazo mfiwa hawezi kuzifanya, mojawapo ikiwa kumchekesha. Sharti lake ni moja tu. Ukitupiwa, ujibu. Utani ni kama mtwangio wa watu wawili, mmoja akiacha kuinua mchi, mwenzake anabaki kupiga kinu peke yake na watu wanamshangaa.

Meza yao ilikuwa meza ya vicheko. "Wewe Mkwere, amka, nanasi linakungoja!" "Nyamaza wewe, mlikuja huku kwa miguu mkapotea njia ya kurudi!" Na trei zao zilijaa kabla ya za wenzao.

Ikaja habari ya Umoja.

Haikuja bila sababu. Kulikuwa na dada mmoja mfagiaji ambaye kila mtu alimwita Mmang'ati. Mwenyewe alisema yeye ni Mbarbaigi, wala hakuna aliyejishughulisha kumsikiliza. Watu wa vijijini walikuwa na chuki na wafugaji kwa ajili ya mashamba yaliyoliwa na ng'ombe, na chuki yote ile ilimwangukia yeye na ufagio wake. Akikaa kwenye benchi la kulia chakula, benchi linakuwa tupu. Hakuna aliyemtania. Ashatu naye alikuwa akiinuka na sahani yake. Siku moja yule dada hakuja tena, na fununu zikafika Dar, na kutoka Dar zikafika kwa wanunuzi wa ng'ambo. Wanunuzi wakasema hawataki matunda yanayotoka mahali penye ubaguzi.

Basi akaletwa afisa, binti aitwaye Evelyn, na mpango wenye jina refu: Mpango wa Umoja na Ujumuishi. Hakuwa mtu mbaya, na tusimsingizie. Aliamkia wakubwa, alikula ugali wa kantini, alikuwa akijua majina ya watu wote baada ya wiki chache. Akawakusanya bwaloni akawafundisha kwamba kazini hakuna Mkwere wala Mnyamwezi, na kwamba neno la kumdharau mtu kwa kabila lake ni kosa, hata likisemwa kwa kucheka. Atakayelisikia anapaswa kuripoti.

"Hata kwa kucheka?" Evarista akauliza kutoka nyuma.

"Hasa kwa kucheka, mama," akasema Evelyn kwa upole. "Mwenye kuumizwa mara nyingi hucheka ili yaishe."

Ashatu akamkanyaga Evarista mguu chini ya meza. Tangu siku hiyo macho yake yakapata kazi mpya: kabla ya kutania alitazama kwanza kushoto, halafu kulia, halafu mlangoni. Mwenzake hakuwa hivyo. Evarista alikuwa na mdomo usio na komeo.

"Utaniponza," Ashatu alimwambia.

"Nikuponze mara ngapi? Kuzaliwa Mkwere si umeshaponzeka?"

Mwezi wa pili, kabla ya masika, akafa mama yake Ashatu, Bi Dija. Alikuwa bibi wa miaka mingi, mwenye fimbo na kikohozi na neno la kumwambia kila apitaye njiani. Ashatu alimuuguza yeye mwenyewe, na alipokata roho hakulia. Alikaa tu ukutani, macho makavu, hali, hasemi, mpaka kaka yake Mwishehe akaogopa.

Evarista alifika kabla ya majirani. Hakuuliza kitu. Akafunga kanga kiunoni, akachota maji, akakoka moto, akakoroga uji wa wafiwa. Baadaye likaja basi la kiwanda na wafanyakazi na rambirambi, na Evelyn naye akavua viatu, akajitanda mtandio, akaketi mkekani pamoja na wanawake.

Wanaume walipoingia kuchukua jeneza, mlango ukazibwa. Evarista alikuwa amejitanda kanga ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anakohoa kikohozi cha marehemu kilekile.

"Mwishehe! Unanitoa nyumbani kwangu hata chai sijanywa?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akaanza kucheka puani.

Evarista akajilaza kizingitini, fimbo kifuani. "Mkwere hafi kwa ugonjwa, jamani, msidanganywe! Huyu kasikia masika yanakuja, kaogopa jembe, kaamua kufa! Hatoki mtu hapa mpaka nipewe changu!"

"Ondoka, mchawi wa Tabora!" akasema Mwishehe, machozi yanamchuruzika, meno nje. "Mpeni kuku huyu, mpeni, msiba umeingiliwa na mwizi!"

Akaletwa kuku. Evarista akampima uzito, akalalamika kwamba amekonda kama wenyewe, ndipo akainuka, njia ikawa wazi. Na Ashatu pale ukutani akacheka. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kicheko kikafungua kilio, na kilio kile ndicho kilichomrudishia pumzi. Evarista akatupa fimbo, akaenda kumkumbatia, wakalia pamoja.

Evelyn aliyaona yote kutoka mkekani. Aliona mwanamke anamwigiza maiti, anatukana kabila la wafiwa mlangoni pa nyumba yao. Aliona mfiwa anacheka kisha anavunjika kwa kilio. Na kwa yale aliyosomea na kufundisha, maana ya mambo hayo ilikuwa moja tu. Alirudi kwenye basi amefumba mdomo, macho mekundu.

Ashatu alipomaliza kukaa msiba na kurudi kazini, pembeni yake mezani palikuwa patupu. Evarista alikuwa amesimamishwa.

"Umemsimamisha kwa kosa gani?" Ashatu akamuuliza msimamizi wao, mzee Amedeus.

"Si mimi. Kamati ya Umoja." Alitazama kando. "Ni kwa ajili yako, mama. Wewe ndiye uliyedhalilishwa. Utaitwa useme."

Ashatu alimfuata Evarista kota jioni ile. Walikaa nje, Teddy akichambua mchicha. Evarista alikuwa amechoka uso, lakini mdomo bado mzima.

"Haya, mdhalilishwa, umekuja kunifunga pingu?"

"Acha mchezo. Wakikukatalia mkataba, chumba hiki kinakwenda. Na huyu mtoto?"

Teddy akainamia mchicha wake.

"Kesho kutwa nitawaambia," akasema Ashatu. "Si tusi. Mwenye msiba nimesema si tusi, nani atakayebisha?"

Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wenye meza. Alikwenda siku ile amevaa dera lake la Idi. Ndani walikuwapo Evelyn, mzee Amedeus, na mabwana wawili kutoka makao makuu Dar. Evarista alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

"Shikamoo mama Ashatu," Evelyn akasema. "Pole tena na msiba. Usiogope, hapa uko salama."

"Marahaba, mwanangu. Siogopi. Nataka kusema, huyu hakunitukana. Huyu ni mtani wangu. Yale yote ni utani. Asingekuja yeye, mama yangu angezikwa kwa ukiwa, na mimi sijui ningekuwaje."

Bwana mmoja akaandika. Evelyn akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Ashatu hofu kuliko hasira.

"Nakuelewa mama. Mtu akiumizwa na rafiki yake, mara nyingi humtetea. Tunaliona sana."

"Sijaumizwa."

"Nilikuona ukilia, mama."

"Nilikuwa nimefiwa!"

Feni ikazunguka. Ashatu akajaribu njia nyingine.

"Mwanangu, wewe kwenu ni wapi? Mtani wako nani?"

"Mimi ni Mtanzania, mama. Nimezaliwa Mbezi."

Mabwana wa Dar wakatabasamu, jibu likiwapendeza. Ashatu akamgeukia Amedeus.

"Mzee Amedeus, wewe ni Mchaga. Mpare akija msibani kwako akakwambia marehemu kafa na ubahili wake, utamshitaki? Waambie."

Mzee Amedeus akatazama dirishani, kama vile nje kuna lori anangoja lipite.

Mfa maji haachi kutapatapa. Ashatu aliona maneno yamemwishia, na akawaza kwamba kitu kisichoelezeka kinaweza kuonyeshwa. Akasimama. Akashika kiuno. Akamgeukia Evarista na kumtupia kwa sauti yake ya mezani:

"Wewe Mnyamwezi mla kuku wa misiba! Babu zako walifika Bagamoyo wakaona bahari, wakaomba kata wainywe! Unakaa hapo umeinama kama mzigo uliosahaulika njiani, nani atakubeba? Mwizi wewe, nirudishie kuku wa mama yangu!"

Akangoja. Ilikuwa zamu ya Evarista. Neno moja tu lingetosha, hata "nyamaza, Mkwere", chumba kile kingeona kwa macho kile ambacho Ashatu hakuweza kukisema. Evarista aliinua uso. Mdomo wake ulicheza. Ashatu alimwona kabisa anataka, jibu limefika kwenye meno. Halafu Evarista akameza mate, akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani.

Tusi lilibaki likining'inia peke yake chumbani, na Ashatu amesimama mbele yake, mkono kiunoni. Kwa mara ya kwanza na yeye alilisikia kama walivyolisikia wao.

"Jibu," akanong'ona. "Evarista, nijibu."

"Kaa chini, mama," akasema Evelyn. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nadhani sasa tunaona jinsi jambo hili lilivyo na mizizi. Kumbe ni pande zote mbili."

Uamuzi haukuchukua muda. Evarista mkataba wake hautaendelezwa, na chumba akabidhi mwisho wa mwezi. Ashatu, kwa kuwa ana uchungu wa muda mrefu na amefiwa karibuni, alipewa onyo la mwisho na kupangiwa mafunzo.

Nje ya ofisi mzee Amedeus alimsogelea pembeni ya matangi ya maji.

"Mama, nilikuwa najua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini ningesema, wangesema mzee anatetea ukabila. Nimekaribia kustaafu."

Ashatu alikuwa tayari anamkimbilia Evarista aliyekuwa akielekea kota, akitembea upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni.

"Kwa nini hukunijibu?"

"Mzee Amedeus alinijia jana. Alisema nikinyamaza kimya, nikionyesha nimejuta, nitabaki. Nikifungua mdomo, basi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia kwamba utanitukana?"

Wakatazamana. Evarista akafuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akauliza jambo ambalo tangu ile ndizi halikuwahi kuulizwa kati yao.

"Ashatu. Yale ya babu zangu. Ulikuwa unanitania?"

"Wewe! Wewe ndiye unayeniuliza hivyo?"

"Nauliza tu. Uliyasema mbele ya watu wale. Na uso wako haukuwa unacheka."

Ni kweli, haukuwa unacheka. Ulikuwa uso wa hofu. Lakini hofu na chuki zikiwa usoni zinafanana. Evarista akaingia ndani, na Ashatu alisimama pale mpaka mlango wa chumba ukafungwa.

Mwisho wa mwezi Evarista na Teddy wakahamia Lugoba, kwa binamu yake anayefanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Teddy aliacha shule kwanza, kungoja uhamisho. Ashatu alisikia tu, kwa sababu siku ile walipoondoka alipangiwa mafunzo.

Kiwandani ikafanyika Siku ya Umoja. Bwalo lilipambwa. Kila kabila lilipewa meza yake, vazi lake na chakula chake, ili wageni wapite waonje. Ashatu akawekwa meza ya Wakwere, amefungwa kaniki kiunoni, anagawa bada, ule ugali wa muhogo, kwa watu waliokuwa wakipiga picha. Meza ya Wanyamwezi ilikosa mtu, basi akasimamishwa msichana mmoja wa stoo, mwenyeji wa Mbeya, akavishwa shanga. Msichana yule alitabasamu siku nzima. Kwenye benchi la pembeni kabisa, alilokuwa akikalia yule dada mfagiaji, waliweka masanduku ya soda.

Evelyn alipita na wageni. "Na huyu ni mama Ashatu," akawaambia. "Amepitia mengi, na leo yuko nasi." Wakampigia makofi. Ashatu akasema ahsante. Alikuwa ametazama kushoto, kulia na mlangoni kabla ya kusema.

Pembeni yake mezani pakawekwa msichana mwingine wa kumenya. Walifanya kazi miezi hiyo bila kuulizana kwao ni wapi.

Mananasi yalipokwisha na mikataba ikasimama, Ashatu alichukua kanga mpya na kilo za mchele wa Ruvu, akaenda Lugoba. Alimkuta Evarista penye machimbo, ameketi juu ya rundo la mawe pamoja na wanawake wengine, anaponda kokoto kwa nyundo. Vumbi lilikuwa limemkaa nyusi, mikono, mpaka kope, mweupe kama aliyepakwa unga. Teddy alikuwa upande wa pili, naye na nyundo yake. Uhamisho ulikuwa haujapatikana, na msimu wa kuupata ulikuwa umepita.

Ashatu alisimama akijikusanya. Alikuwa ameyatafuta maneno yale njia nzima.

"Wewe Mnyamwezi!" akaita. "Umechezwa ngoma lini? Mbona umepakwa unga kama mwali, bwana harusi yuko wapi?"

Wale wanawake wengine wakainua vichwa, wakaanza kutabasamu, wakamgeukia Evarista kungoja.

Evarista akaweka nyundo chini. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye gauni.

"Ni vumbi tu, dada," akasema. "Karibu. Pole na safari. Teddy, mletee mgeni kiti."

Teddy akamtazama mama yake, akamtazama Ashatu, akaenda kuleta kiti. Ashatu aliketi. Aliulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri; za watoto, akajibu hawajambo; za kazi, akajibu tunamshukuru Mungu. Aliletewa soda kwenye sahani, na glasi iliyofunikwa kitambaa. Mchele na kanga vilipokewa kwa mikono miwili, na shukrani zikarudiwa mara nyingi mno.

Hakuna aliyempokonya kitu. Alipoaga alisindikizwa mpaka barabarani, wakashikana mikono, wakatakiana heri kama watu waliokutana harusini.